Maneno ya Bibi Hawo Kinywani Mwangu

Vijana wangu, mnaokuja kukaa kibarazani kwangu hapa Garsen mkaniambia kwamba siku hizi simu inatafsiri yenyewe, mimi sina ugomvi na simu. Juzi mmoja wenu alinitegeshea ya kwake sikioni, akasema, "Babu Buya, skiza, hii imekumaliza kazi." Nikasikia sauti ya mwanamke asiye na kikohozi wala haraka, akisema maneno sahihi kabisa. Nikamrudishia mwenyewe. Nilitaka kumwambia kwamba makosa nimefanya mengi katika kazi hii, na karibu yote nimeyacheka baadaye, ila maneno sahihi ndiyo yaliyonitia aibu isiyotoka. Lakini mlikuwa mnacheka, na chai ilikuwa inapoa, nikanyamaza. Leo nasema.

Nimekuwa mkalimani tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Kipokomo nilizaliwa nacho kule Kinakomba. Kiorma nilikipata kwa majirani waliotuletea maziwa wakarudi na mahindi yetu. Kisomali nilikipata sokoni pole pole, tena kwa hasara, na Kigiriama changu ni cha kuombea maji ya kunywa. Nimesimama kortini, zahanati, mabaraza ya chifu, semina za mifugo na mikutano ya amani ambayo watu walitoka wamekasirika zaidi ya walivyoingia. Kazi yangu ya mwisho haikuwa hata ya kuitwa na serikali. Niliombwa tu niwasindikize wanaklabu wa ngumbaru, wale wazee wanaojifunza kusoma, waende Mombasa kutazama maonyesho ya Misri ya kale. Katika safari hiyo Bibi Hawo alipanda basi kwenda kumtafuta mwanawe aliyezama mtoni, na kilichompandisha basi ni maneno yaliyopita kinywani mwangu.

Subirini, msinitolee macho. Lazima kwanza mjue kazi yenyewe inafanywaje, la sivyo hamtaelewa ni kwa nini uso unaniwaka.

Aliyenifundisha ni Mzee Jillo, mkalimani wa korti, mtu mfupi mwenye koti moja. Nilipoanza nilikuwa na kiburi cha lugha nyingi. Katika baraza moja afisa mgeni alisimama akasema kwamba suala la malisho atalivalia njuga. Mimi nikawaambia wazee wa Kiorma vile vile, kwamba bwana huyu kwa ajili ya malisho atavaa njuga miguuni. Wazee wakatazamana, wakakaa vizuri. Baraza lilipofungwa hakuna aliyeinuka. Afisa akaniuliza wanangoja nini, nami nikauliza, nikajibiwa kwamba wanangoja njuga, maana mtu mzima hawezi kuahidi kucheza mbele za watu kisha akaingia kwenye gari akaenda. Mzee Jillo alicheka mpaka akatoa leso. Halafu akaniambia kwamba neno lina nguo na lina mwili, na mimi nilikuwa nimewapelekea wazee nguo tupu.

La pili alilonifundisha ndilo kubwa. Mkalimani hasemi "anasema." Mtu akisema "mimi," na wewe sema "mimi." Ukisema "anasema kwamba yeye," umejitoa, na ukijitoa wewe, msikilizaji naye anajitoa, na mwenye shida anabaki peke yake pale katikati. Usiongeze, usipunguze, usiulize la kwako. Nililishika hilo mpaka likawa damu. Siku moja zahanati alikuja muuguzi mpya, na mama mmoja akaeleza shida yake, nami nikasimama na kofia yangu nikasema, "Nina mimba, na tangu jana mtoto hachezi." Yule muuguzi akanitazama tumbo. Akaandika kitu, akafuta, akanitazama tena. Mama mwenyewe akaangua kicheko, na kwa kicheko kile mtoto akapiga teke. Niliwasimulia watu kisa hicho miaka na miaka, na kila mara nilijisifu.

Sasa klabu. Mwalimu Zuhura ni mtu wa Kipini, binti wa wenye Kiswahili chao, na alipopewa darasa la ngumbaru hapa hakutosheka na a-e-i-o-u. Alitaka wazee wake waone dunia. Kila alasiri walikutana katika darasa la chekechea, magoti yamegusa videvu kwa ule udogo wa viti. Palikuwa na akina mama wa Kipokomo, wakulima wawili watatu waliohamia kutoka mifereji ya Bura, Abdi muuza mbuzi aliyekuja kujifunza kusoma mikataba, na Bibi Hawo. Bibi Hawo alikuwa mzee kuliko wote na Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu. Kwa ajili yake ndiyo niliitwa, nikae ubavuni mwake.

Kisa cha Bibi Hawo kila mtu Garsen anakijua. Mwanawe Barisa alizama wakati wa mafuriko makubwa, akivusha ndama. Ndama wengine walitoka ng'ambo, yeye hakutoka. Wenye mitumbwi walimtafuta mpaka mto unapoingia baharini. Dua ikasomwa, watu wakakaa matanga, lakini hapakuwa na mtu wa kuoshwa wala wa kuvishwa sanda. Mimi nilikuwa kwenye matanga yale. Nililijua jambo hili kama ninavyojua njia ya kwangu.

Siku Mwalimu Zuhura alipoleta habari ya safari, aliandika ubaoni kwa furaha: TUTAONA MUMIANI WA MISRI. Wanaojua kusoma wakawasomea wasiojua, na darasa likasambaratika. Ninyi wa siku hizi mnaona neno hilo katika kamusi. Sisi tulilelewa nalo. Mumiani ni yule anayekuvizia jioni akunyonye damu ikatengenezwe dawa, na mama zetu walitumia jina lake kuturudisha nyumbani kabla ya magharibi. Mama mmoja akauliza serikali imeruhusu vipi watu wapelekwe kwa basi. Abdi akachukua bakora yake, akasema, "Mimi hapana enda. Damu hii kidogo natumia mwenyewe." Akaenda zake sokoni, na hajarudi darasani mpaka leo.

Mwalimu aliona haya, maskini, mpaka chaki ikamvunjikia mkononi. Akanivuta pembeni. "Mzee Buya, nisaidie neno jengine. Hili limeniharibia." Basi tukatafuta. Mimi ndiye mzoefu wa mitego, nikamwambia aliache hilo neno lenye kutisha, aeleze kitu chenyewe kwa upole. Akarudi mbele, akasema kwamba si wanyonya damu hata kidogo, ni maiti wa zamani waliohifadhiwa wasioze. Akasema Misri ni nchi ya mto kama yetu, mto unafurika, watu wanalima matope yake. Akawauliza, si mnamjua Firauni? Wakasema wanamjua, aliyezama. Mwalimu akasema, basi, yeye alizama, na mwili wake ukahifadhiwa, na watu kama hao ndio tunaokwenda kuwaona. Watu wakatulia. Firauni ni mtu anayejulikana.

Nami nikampelekea Bibi Hawo kwa Kiorma, sentensi kwa sentensi. Watu wa mtoni. Waliozama. Wamewekwa mahali, hawaozi.

Bibi Hawo akauliza maswali mawili. La kwanza, wanawekwa mpaka lini. Nikalipeleka, Mwalimu akajibu kwamba hata milele, wako salama kabisa. La pili, je, jamaa wanaruhusiwa kuwaona. Mwalimu akadhani anauliza kama sisi wazee tutaruhusiwa kuingia, akasema, ndiyo bibi, mlango uko wazi kwa wote. Nikarudisha majibu hayo bila kuongeza nukta. Nilijiona fundi. Siku ile ile Bibi Hawo alikuwa wa kwanza kutaja jina lake kwa ajili ya safari, na sote tulimpigia makofi kwa ushujaa.

Tuliondoka alfajiri kupitia Malindi. Bibi Hawo alikaa dirishani akiwa na furushi mapajani, limefungwa kwa khanga mpya, na hakukubali liwekwe juu. Nikamtania, nikamwuliza ametubebea maandazi mangapi. Akatabasamu kidogo, akaliweka vizuri zaidi. Mtani wa namna gani mimi, Mungu wangu. Njia nzima nilikuwa nikiwachekesha watu kwa kisa cha muuguzi na tumbo langu.

Mombasa, kwenye nyumba yenyewe ya maonyesho, alitupokea binti mmoja aitwaye Rukia, mwenye adabu, akatuamkia mmoja mmoja. Mwanzoni mambo yalikwenda kwa raha. Kulikuwa na vyungu, majembe ya mti, mashua ndogo ya kuchezea iliyojaa wapiga makasia. Wakulima wa Bura walisimama sana mbele ya picha ya mfereji, wakabishana ni yupi kati ya wale watu waliochorwa anayemfungia mwenzake maji. Walimpata, wakamtukana kwa Kiswahili, wakaridhika. Bibi Hawo hakutazama chochote. Kila chumba tulichoingia alitupa jicho mara moja, akaniuliza, "Hapa?" Nami nikamjibu bado, kwa sababu nilidhani ana hamu.

Chumba cha mwisho kilikuwa na baridi na mwanga mdogo. Katikati sanduku la kioo, na ndani yake mtu amelala, amezongwa vitambaa vilivyogeuka rangi ya chai. Wanafunzi wa shule nyingine walikuwa wamekwisha kuingia, wanasukumana na kupiga picha. Rukia akaeleza kwamba huyu alikuwa kijana wa kiume, na kwamba hakuna anayejua jina lake. Nikampa Bibi Hawo hayo mawili: ni kijana wa kiume, na jina lake halijulikani.

Akanipa bakora yake niishike. Akaenda mpaka kwenye kioo, akainama, akatazama kuanzia kichwani kushuka, taratibu, akasimama miguuni. Halafu akasema bila kugeuka, nami nikafungua kinywa kama nilivyofundishwa.

"Mfungueni miguu," nikasema. "Mwanangu alipondwa kidole na fahali, mguu wa kulia. Nikikiona nitamjua."

Rukia akanitazama. "Mwanao, mzee?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Si kabla ya hapo, si darasani, si kwenye basi. Nilielewa maneno yakiwa yamekwisha kutoka. Ningeweza kusema "anasema," nikajitoa, nikasogea kando na bakora yangu ya kuazima. Lakini Bibi Hawo alikuwa amekwisha kusema jingine, na ulimi wangu ulikwenda wenyewe.

"Mimi ni mama yake."

Wale wanafunzi walicheka. Siwalaumu, mzee wa mvi na kofia amesimama mbele ya maiti akisema yeye ni mama. Mmoja alinirekodi kwa simu. Mwalimu Zuhura hakucheka, aliweka mkono mdomoni na macho yake yakanitafuta, na nikaona kwamba naye anayapanga yale yote upya kichwani: watu wa mtoni, waliozama, wako salama, mlango uko wazi.

Rukia alikuwa na akili. Aliacha kunitazama mimi, akamtazama mwenye maneno. "Bibi, pole sana," akasema. "Huyu siye mwanao. Huyu alikufa zamani mno, kabla ya mababu wa mababu zetu."

Vijana, nimewahi kumwambia mtu kwamba amefungwa maisha. Nimewahi kumwambia mtu kwamba mguu wake utakatwa. Kumwambia Bibi Hawo "huyu siye mwanao," kwa sauti ile ile iliyomwambia kwamba wamewekwa na wako salama, kulinishinda kidogo. Nilisema, lakini nilisema nikitazama sakafu, na mkalimani hatazami sakafu.

Hakulia. Aliuliza kama huyu kijana alikuwa na mama. Rukia akasema bila shaka alikuwa naye, na kwamba alizikwa vizuri sana, kwa heshima zote za kwao, ni watu wa baadaye ndio waliomtoa. Bibi Hawo akalifikiria hilo. Akafungua furushi lake pale pale sakafuni. Ndani mlikuwa na sanda, nyeupe, imekunjwa mara nyingi, na kafuri kidogo kwenye karatasi. Akaikunjua, akafunika nayo kioo upande wa uso. Askari akasogea, lakini Rukia alimwinulia mkono, na wale wanafunzi wakaacha kupiga picha. Bibi Hawo akasema maneno machache ya mwisho.

"Naona haya," nikasema. "Mama mwenzangu alimsitiri mwanawe, nami nimekuja kumtazama."

Nimesema "mimi" za watu maisha yangu yote. Nimekuwa mwizi, mjane, mja mzito, shahidi wa uongo. Nikitoka nje ya mlango nazivua zote naenda kunywa chai. Ile "naona haya" sikuivua, kwa sababu haikuwa ya Bibi Hawo peke yake. Niliona haya mbele ya yule kijana asiye na jina, mbele ya wale watoto wenye simu, na zaidi mbele ya ile sanda niliyoiita maandazi.

Baadaye Rukia alimwomba radhi, akasema sheria za nyumba haziruhusu kitambaa kubaki. Bibi Hawo akaiondoa mwenyewe, akaikunja kwa mikunjo yake ile ile. Tukapanda basi kurudi. Mimi nikakaa kando yake, nikatafuta maneno ya kwangu mwenyewe, na mtu wa lugha zote hizo nikayakosa. Mwishowe nikamwambia kwamba sikubadilisha neno hata moja, kwamba nilimpelekea yale yale yaliyosemwa.

"Najua," akasema. "Waliyosema ulileta, niliyouliza ulipeleka. Lakini Buya, wewe ulikalia matanga yangu. Niliuliza kama jamaa wanaruhusiwa kuwaona, nawe hukusikia nilichokuwa nauliza?"

Hakuuliza kwa hasira. Ingekuwa hasira ningejitetea. Nilitazama nje mpaka Garsen.

Mzee Jillo aliniambia usiongeze, usipunguze, usiulize la kwako, nami bado nawafundisha hivyo, maana mkalimani anayeongeza ni hatari kama dereva mlevi. Ila nimejipa ruhusa ya kuvunja la tatu. Mtu akiuliza swali lisilokaa sawa na shughuli iliyopo, weka kazi chini kidogo, geuka uwe jirani yake, umwulize kwa sauti yako: mama, unauliza kwa nini? Utachelewesha mkutano. Afisa atatazama saa. Mwache atazame. Lingekwisha pale darasani kwa maneno machache, na mama yule asingebeba sanda mpaka Mombasa na kurudi nayo.

Ile sanda aliipeleka msikitini, akaacha usia kwamba apewe yeyote atakayeletwa na mto akiwa hana watu. Na darasani alirudi, wakati mimi nilikuwa nimejificha nyumbani nikisingizia mgongo. Mwalimu Zuhura alikuja kunitoa mwenyewe. Siku hiyo kila mwanaklabu alitakiwa aandike sentensi moja ubaoni, yoyote anayoijua kwa Kiswahili. Wakulima wa Bura waliandika habari za maji. Zamu ya Bibi Hawo ilipofika nikainuka kumsaidia, akanipa ishara ya mkono nikae.

Aliandika muda mrefu, herufi kubwa zinazopanda mlima. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu tu, nilishawaambia, lakini maneno haya alikuwa ameyasikia mahali, yakisemwa kwa sauti na mtu aliyekuwa akichekwa, na hakuyasahau hata moja. Akajifuta chaki, akasimama kando ya ubao, akajisomea mwenyewe bila mtu wa katikati.

"Mimi ni mama yake Barisa."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu akaniangalia kama vile kuna kitu cha kutafsiri, na hakikuwepo. Nikainamisha macho yangu mpaka kwenye magoti, katika kile kiti kidogo cha chekechea.